Romeo + Juliet ya 1996: mnagombania bastola, aliyeonewa ni Juliet

Mleta mada kauliza hivi, nafupisha kwa waliochelewa: kaangalia Romeo + Juliet ya mwaka 1996, ile ya Baz Luhrmann yenye Leonardo DiCaprio na Claire Danes, kamaliza hajui kama kaipenda au kaichukia, maana watu wanapigana risasi huku wanaongea Kiingereza cha Shakespeare cha miaka ya 1590, sasa anataka kujua ile ya zamani ya 1968 ya Franco Zeffirelli ni bora kweli au inasifiwa kwa sababu ya uzee tu. Majibu yaliyofuata nimeyasoma yote. Kambi moja inasema Luhrmann kaharibu, kambi nyingine inasema kaokoa, na zote mbili zinagombania bastola na mashati ya maua. Wakuu, mimi leo naomba niwe mbishi. Bastola hazina kosa lolote. Aliyeonewa kwenye ile muvi ni Juliet, na sijaona mtu hata mmoja kamtetea. Itakuwa ndefu, asiye na muda apite tu.

Tumalizane na bastola kwanza. Kwenye tamthilia vijana wanatembea na panga viunoni kwa sababu ndivyo vijana wa familia zenye pesa walivyotembea enzi hizo, hakuna siri nyingine hapo. Luhrmann kaihamishia stori kwenye mji wa kubuni unaoitwa Verona Beach (picha kapigia Mexico), Montague (ukoo wa Romeo) na Capulet (ukoo wa Juliet), familia mbili zenye uadui, kawafanya matajiri wenye maghorofa yanayotazamana na sanamu ya Yesu imesimama katikati, halafu kwenye bastola zenyewe kaandikisha majina ya panga, angalia tena ile sini ya mwanzo pale sheli, kamera inasogea mpaka kwenye chuma unasoma "Sword" kwa macho yako. Kwa hiyo mtu akiambiwa arudishe upanga wake maneno ni yale yale ya Shakespeare na hakuna anayecheka. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa kwa maandishi kuliko watu wanavyodhani.

Mnaotaka ushahidi nendeni kwenye ile ya 2013, ya Carlo Carlei, yenye Hailee Steinfeld na Douglas Booth. Ile ina kila kitu ambacho walalamikaji wanakitaka, magauni marefu, majumba ya mawe, farasi, Italia kabisa, halafu Julian Fellowes aliyeandika skripti kaondoa sehemu kubwa ya maneno ya Shakespeare na kuweka ya kwake yanayoigiza ukale. Matokeo yake unaangalia watu wazuri waliovaa vizuri wanaosema vitu visivyokaa kichwani hata dakika mbili. Luhrmann kabadilisha nguo kaacha maneno, Carlei kaacha nguo maneno yakabadilishwa, na kati ya hizo mbili moja watu wanagombana nayo mpaka leo na nyingine watu hawakumbuki kama ipo.

Kuna mdau kasema kwa nini mtu aangalie muvi ambayo kila mtu anajua mwisho wake. Mkuu, mwisho unaambiwa kabla hujakaa vizuri! Mistari ya kwanza kabisa ya tamthilia inasema hawa wawili watajiua na wazazi wao watapatana kwa sababu ya vifo hivyo. 1968 inasomwa na sauti ya muigizaji Laurence Olivier, 1996 inasomwa na mtangazaji wa habari kwenye TV kama ajali iliyotokea jana usiku, na kwangu ile ya TV inauma zaidi kwa sababu inatangazwa kikawaida mno. Nilishaangalia na binamu yangu ambaye hajawahi kusoma hiki kitu, katangaziwa vifo viwili pale mwanzo kwa sauti na kwa maandishi, na bado mpaka dakika za mwisho alikuwa ananiambia tulia wewe, stering hafi. Sasa hapo ndipo utamu ulipo, hukai pale kusubiri nini kitatokea, unakaa kuhesabu ni kwa kiasi gani kidogo tu kingeweza kisitokee.

Na hili linanipeleka kwa wale wanaosema siku nne sio mapenzi ni utoto. Ni kweli ni siku nne, wanakutana Jumapili usiku, Jumatatu wameoana, Jumatatu hiyo hiyo Tybalt, binamu yake Juliet, kauawa na Romeo naye Romeo kafukuzwa mjini, Alhamisi alfajiri wote wako kaburini. Lakini mnaongea kama vile mwandishi hakuona. Aliona! Shairi alilolichukulia stori, la Arthur Brooke la 1562, mambo yanaenda miezi na miezi na Juliet anakaribia miaka 16. Shakespeare kaibana miezi ikawa siku na mtoto kamshusha mpaka hajafikisha 14, yaani kwa makusudi kabisa kaifanya ionekane ya haraka kupita kiasi. Romeo mwenyewe anaingia kwenye ile sherehe kwa ajili ya msichana mwingine, Rosaline, na Padri Laurence, yule anayewafungisha ndoa kwa siri, anamsema kwa hilo waziwazi. Na wazee wana haraka kuliko watoto, hicho ndicho watu hawakioni. Baba yake Juliet, asiyejua kuwa binti kashaolewa, anapanga harusi yake na Paris, mchumba aliyemchagulia yeye, iwe Alhamisi, binti akijifanya kakubali na kuomba msamaha mzee anafurahi mpaka anaisogeza iwe Jumatano. Siku moja tu! Dawa ya usingizi, ambayo padri kampa Juliet ili aonekane kafa na aikwepe harusi hiyo, inabidi inywewe Jumanne usiku, na barua ya kumweleza Romeo mpango huo ikakosa siku nzima ya kusafiri. Mzee alikuwa na furaha tu masikini, hakuna ubaya wowote pale, na ndio kamuua mwanae.

Hiyo barua sasa. Ukitaka kujua dairekta anafikiria nini kuhusu hii stori usimwangalie kwenye ile sini maarufu ya mapenzi pale roshani, mwangalie kwenye barua. Kwenye tamthilia mtawa aliyetumwa kuipeleka anafungiwa ndani ya nyumba kwa sababu kuna wasiwasi wa tauni, milango inapigwa muhuri, hawezi kutoka, na sisi hatuoni lolote, tunasimuliwa tu baadaye. Zeffirelli kaona hiyo haionekani kwenye skrini, akamweka mtawa na barua yake juu ya punda, anajikongoja barabarani, halafu Balthasar, mtumishi wa Romeo, anampita na farasi anakimbia kwenda kumwambia Romeo kwamba Juliet kafa. Wako barabara moja, mmoja ana ukweli na mwingine ana uongo asiojua kuwa ni uongo, na mwenye uongo ndiye mwenye farasi. Hakuna maneno pale na haihitaji. Luhrmann kaweka kampuni ya kusafirisha vifurushi, jamaa anafika kwenye gari-nyumba la Romeo kule jangwani, hamkuti, anaacha karatasi ya taarifa na kuondoka. Ukiangalia kwa makini pale unataka kuivunja TV. Kwangu punda anashinda, lakini kwa kidogo sana, kwa sababu karatasi ya 1996 haina mtu wa kumlaumu, jamaa kafanya kazi yake kama alivyoelekezwa.

Waigizaji sitakaa sana. 1996 DiCaprio alikuwa kwenye ishirini na kidogo na Danes bado hajafika 18, 1968 Olivia Hussey na Leonard Whiting wote walikuwa chini ya 18, na kabla yao Hollywood ilikuwa inawapa watu wazima tu, ile ya 1936 ya George Cukor Romeo ni Leslie Howard aliyekuwa kashavuka 40, mnaweza kucheka mnavyotaka. Zeffirelli anasifiwa kwa kuwaleta vijana kweli na anastahili, ila tusijifanye hatujui upande wa pili, mwishoni mwa 2022 Hussey na Whiting wenyewe walifungua kesi dhidi ya Paramount, kampuni iliyoitoa, kuhusu ile sini ya utupu ya chumbani iliyopigwa wakiwa wadogo, mwaka 2023 jaji akaitupa, na Hussey amefariki Desemba 2024. Mimi ile sini siku hizi nikifika naipeleka mbele, kila mtu na dhamiri yake.

Mercutio, rafiki yake Romeo, nae kidogo tu kwa sababu kuna dada kamuulizia. Harold Perrineau wa 1996 ana moto, kauli yake ya laana pale ufukweni na upepo ule unaovuma nyuma yake nywele zinasimama. Lakini kifo cha Mercutio nilichokiona kwa ukaribu zaidi ni cha John McEnery, 1968. Pigano lake na Tybalt linaanza kama mzaha, wanachezeana, wanacheka, watazamaji wanashangilia, upanga unaingia kwa bahati mbaya na Tybalt mwenyewe anashtuka. Mercutio anaficha kidonda kwa kitambaa na anaendelea kutania, na marafiki zake wote wanaendelea kucheka, wanaona leo kazidisha kuigiza. Anawalaani familia zote mbili wao bado wanacheka. Ni mpaka kitambaa kinapotoka kifuani ndio wanaona. Yaani anakufa mbele ya umati unaompigia makofi. Rudia hiyo sini ukiwaangalia wao, usimwangalie yeye.

Haya, Juliet.

Shuleni tuliicheza hii tamthilia na mimi nikapewa Padri Laurence, sio kwa kipaji, nilikuwa na sauti nzito tu. Padri ana maneno mengi na unakaa muda mrefu pembeni ukisubiri zamu yako, kwa hiyo Juliet nilimsikia kutoka karibu mazoezi yote. Kabla hajanywa ile dawa ana hotuba yake peke yake chumbani ambayo kwa maoni yangu ndiyo sini kubwa kuliko zote kwenye kitabu, kuliko roshani, ndiyo nimesema. Mama na yaya wameshaondoka, anataka kuwaita warudi, anajizuia. Anajiuliza kama hii dawa isipofanya kazi je, anaweka kisu pembeni kwa ajili hiyo. Anajiuliza kama padri kampa sumu ili kuficha kwamba ndiye aliyewafungisha ndoa. Halafu inakuja ile mbaya, je nikiamka kabla Romeo hajafika, mle ndani kwenye kaburi la ukoo, hewa hakuna, mifupa ya mababu wa miaka mamia, Tybalt ndani ya sanda yake damu bado mbichi, si nitapata wazimu niokote mfupa wa babu yangu nijipasue kichwa nao? Kichwa chake kinakimbia kiasi kwamba anamuona Tybalt pale pale chumbani. Na baada ya kuona hayo yote, akiwa peke yake, hajafikisha miaka 14, anainua anakunywa. Dada aliyekuwa anaicheza alikuwa anaanza kwa sauti ya chini kabisa na hakuwa analia hata kidogo, na mimi padri niliyempa ile chupa nilikuwa nyuma ya pazia najisikia vibaya kweli.

Sasa nendeni mkaitafute hotuba hiyo kwenye muvi. Luhrmann kaikata karibu yote. Na kabla mashabiki wa 1968 hawajashangilia, Zeffirelli nae kaikata, Hussey anaomba mapenzi yampe nguvu, anakunywa, imeisha. Najua sababu zao, muvi haipendi mtu mmoja kuongea peke yake muda mrefu, na zote zinakata mistari kibao ili zienee kwenye muda. Lakini angalia kilichobaki kwa Romeo. Romeo anabaki na mazungumzo yake, mbio zake, hasira zake, na kwenye 1996 hata sini ya kununua sumu. Juliet anayepanga karibu kila kitu cha nusu ya pili anabaki na macho. Mazuri, sikatai, Danes ana uso unaoonyesha mawazo kabla hajayasema, ile sini ya tangi la samaki anamwangalia DiCaprio kupitia maji na kioo na samaki wanapita katikati huku wimbo wa Des'ree unaenda, hakuna neno na hakuna anayelalamika. Ila mtu mwenye akili vile ukimwachia macho tu umemnyang'anya.

Halafu kaburini. Hapa ndipo Luhrmann kafanya kitu ambacho kila mtu anakizungumzia, Juliet anafumbua macho wakati Romeo bado yuko hai. Kanisa limejaa mishumaa na misalaba ya taa za buluu, yeye kalala juu, Romeo analia anaaga, na sisi tunaona kidole kinacheza, tunaona kope, yeye haoni, anainua kichupa, mkono wa Juliet unafika shavuni kwake sekunde ile ile anayomeza. Binamu yangu alisimama. Najua kuna wanaosema hiyo ni kumsaliti Shakespeare, lakini sio Luhrmann aliyeianzisha, muigizaji David Garrick aliifanya jukwaani London mwaka 1748, akawapa kabisa wapenzi mazungumzo ya kuagana kabla sumu haijamaliza kazi, na kwa karibu miaka mia watu wa Uingereza wakilipa kiingilio walikuwa wanaiona hivyo. Inafanya kazi, sibishi. Ni katili na inafanya kazi.

Tatizo langu ni kilichoondolewa ili hiyo ikae. Kwenye kitabu Romeo anakufa, ndipo padri anafika, ndipo Juliet anaamka na mtu wa kwanza kumuona ni padri. Na padri anampa njia ya kutokea! Anamwambia mumeo kafa, twende, nitakuficha kwa masista, watu wanakuja, siwezi kukaa tena. Na Juliet anamjibu kwa ufupi kabisa, nenda wewe, mimi siondoki. Nimesimama pale mimi. Unamshika mkono, anautoa bila hata kukugeukia, na wewe unatakiwa ukimbie umwache mtoto na maiti kwa sababu unaogopa askari, na siku ya onyesho watazamaji walinizomea mpaka nikaishia nyuma ya pazia. Lile jibu lake ndilo linalofanya kifo chake kiwe uamuzi. Kuna mlango uko wazi, kaukataa. 1996 padri hayupo kaburini kabisa, hakuna mlango, Romeo anamfia mikononi, baada ya hapo analia kwa sauti kubwa kanisa zima linaitikia, anaokota bastola. Unamhurumia sana lakini unamhurumia kama majeruhi.

1968 padri yupo, Milo O'Shea, na anafanya kile kitu vizuri mno, anasikia watu wanakuja anaanza kurudia kwamba hathubutu kukaa, anarudia tena na tena sauti inapanda, mzee wa kanisa kageuka mtoto, anakimbia. Hussey anabaki. Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni hilo, 1968 sio bora kila mahali, kuna sehemu inavuta miguu na muziki wa Nino Rota unamwagwa mpaka unazidi, lakini mwisho wa Juliet uko pale. Ukitaka kuelewa kwa nini hawa wawili hawakuwa na nafasi kwenye mji ule angalia 1996. Ukitaka kumuona Juliet angalia 1968, na kabla ya kuiangalia soma kitendo cha nne onyesho la tatu, ni kurasa mbili tu, ili ujue ni nini hawakukuonyesha.

Na kuna la pembeni ambalo huwa nawachokoza nalo watu wa fasihi. Muvi iliyomtendea haki zaidi huyu binti mwishoni haina hata jina lake. West Side Story ya 1961, iliyochukua Oscar 10, Juliet wao anaitwa Maria na hafi kabisa, Tony, Romeo wao, kapigwa risasi, Maria anachukua ile bastola na kuwageuzia wote waliosimama pale, pande zote mbili, anawaambia wote wamemuua. Wamebadilisha mwisho wa Shakespeare moja kwa moja na wamempa mwanamke neno la mwisho, wakati hawa wengine wamelinda mwisho na kumnyamazisha.

Kuna aliyeuliza Paris alipotelea wapi, maana kwenye 1996 Paul Rudd anacheza sherehe nzima halafu anayeyuka. Kwenye kitabu Paris anakwenda kaburini usiku ule na maua, anamkuta Romeo anavunja mlango, anadhani ni Montague kaja kuchafua maiti, wanapigana gizani na Romeo anamuua bila kumtambua. Anaomba alazwe karibu na Juliet na Romeo anamburuta ndani kweli, anamlaza. Muvi zote mbili zimeliondoa hilo, 1968 na 1996, na sababu sio muda maana ni dakika chache tu. Hakuna dairekta anayetaka DiCaprio aingie kumbusu Juliet akiwa na damu ya mtu asiye na hatia mikononi.